Mkungu wa Ndizi na Lita ya Dizeli: Rungwe Ikielekea Enzi ya Mafuta Ghali

Nishati ya visukuku, yaani mafuta ya petroli, gesi asilia na makaa ya mawe yaliyotokana na mabaki ya mimea na viumbe waliofukiwa ardhini kwa mamilioni ya miaka, haitakauka kwa siku moja kama kisima cha kiangazi. Kinachotangulia kuisha ni unafuu wake, kwa sababu mafuta yaliyo karibu na rahisi kuchimbwa hutumika kwanza, na yale yanayobaki hudai visima virefu zaidi, bahari zenye kina zaidi na fedha nyingi zaidi kwa kila pipa. Mwanajiolojia wa Marekani, Marion King Hubbert, alilieleza jambo hilo mwaka 1956 alipokadiria kwamba uzalishaji wa mafuta nchini mwake ungefikia kilele kati ya 1965 na 1970 kisha uanze kushuka, na kilele hicho kilifika mwaka 1970; mbinu za kupasua miamba zilipokuja kuupandisha tena miongo minne baadaye, zilikuja na gharama ambazo wachimbaji wa enzi ya Hubbert hawakuzijua. Kwa hiyo swali lenye manufaa kwa nchi inayotaka kujiandaa halihusu mwaka ambao mafuta yatakwisha duniani. Linahusu kazi zipi zitashindikana, na kwa nani kwanza, siku ambayo bei ya lita moja itapanda na isirudi tena chini.

Tanzania si nchi ndogo kwa eneo, lakini katika soko la mafuta ni ndogo mno, kwa maana kwamba ununuzi wake hauwezi kupandisha wala kushusha bei ya dunia hata kidogo. Kiwanda cha TIPER kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1966 kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwishoni mwa karne iliyopita, na tangu hapo nchi huagiza petroli, dizeli na mafuta ya taa yakiwa yamekwisha kusafishwa ng'ambo, siku hizi kwa utaratibu wa uagizaji wa pamoja, huku Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ikitangaza kila mwezi bei kikomo, yaani bei ambayo muuzaji haruhusiwi kuipita. Udhaifu wa mpangilio huu umekwisha kupimwa zaidi ya mara moja. Kati ya mwishoni mwa 1973 na mwanzoni mwa 1974 bei ya pipa ilipanda kutoka karibu dola 3 hadi karibu dola 12, na ilipopaa tena mwaka 1979, sambamba na gharama za vita vya Kagera na kushuka kwa bei za mazao, fedha za kigeni ziliadimika kiasi kwamba magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili alasiri na malori mengi yalilala kwa kukosa mafuta na vipuri wakati mazao yakioza vijijini. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoipandisha bei kwa mara nyingine, Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni peke yake ili kupunguza makali. Ruzuku ya namna hiyo hununua muda, na muda una thamani, ila tu pale ambapo kuna kitu kinachojengwa ndani yake.

Wilaya ya Rungwe, pamoja na Busokelo iliyomegwa kutoka humo kuwa halmashauri yake, ni mahali pazuri pa kulichunguza suala hili, kwa sababu ina karibu kila kitu ambacho nchi isiyo na mafuta ingetamani kuwa nacho. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Udongo wake umetokana na majivu ya volkano. Mlima Rungwe unakaribia mita 3,000, na kutoka miteremko yake mito ya Kiwira na Mbaka hushuka hadi Ziwa Nyasa, ambalo uso wake hauzidi mita 500 juu ya usawa wa bahari. Ndizi, chai, viazi mviringo, parachichi, maharage na maziwa vyote hutoka katika miteremko hiyo. Wilaya yenye hazina ya namna hii haikosi nishati. Inachokosa ni njia ya kuunganisha hazina hiyo na walaji bila kupitia kwenye tangi la lori, na ndipo ilipo hatari yake halisi.

Ukubwa wa hatari hiyo huonekana vizuri zaidi kwa hesabu ya lita moja. Lita ya dizeli hubeba nishati inayolingana na takriban uniti 10 za umeme, na injini ya lori hugeuza karibu theluthi moja ya nishati hiyo kuwa mwendo, wakati mtu mwenye afya njema akifanya kazi ya jembe kutwa nzima hutoa kazi isiyozidi sana nusu uniti. Lita moja, basi, hufanya kazi ya mikono ya siku tano au sita, na kwa miaka mingi imeuzwa kwa bei iliyo chini ya kibarua cha siku moja. Hakuna mfanyakazi aliyewahi kulipwa kidogo kiasi hicho, na ndiyo sababu uchumi wa nyanda za juu umejipanga kumtegemea bila hata kumtaja.

Mkungu wa ndizi unatoa mfano ulio wazi. Kutoka Tukuyu hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 900, na lori kubwa linalobeba tani 30 hutumia kati ya lita 40 na 50 kwa kila kilomita 100, hivyo kila tani hugharimu lita 12 hadi 15 kwa safari ya kwenda tu. Mkungu wa kilo 20 husafiri na robo lita ya dizeli au zaidi kidogo, na ukipakiwa kwenye Fuso ya tani 10 unaweza kukaribia nusu lita, bila kuhesabu safari ya kurudi. Ndani ya mkungu huo sehemu kubwa ya uzito ni maji, maganda na shina, ambavyo hakuna mlaji wa Manzese au Temeke anayevihitaji. Zaidi ya uzito kuna haraka: ndizi mbichi haingoji, kwa hiyo lori hukimbia usiku kucha kupita Chimala, Makambako na Iringa ili liwahi soko la alfajiri, na haraka hiyo nayo hulipiwa kwa mafuta, kwa matairi na mara nyingine kwa maisha ya watu kwenye miteremko ya Kitonga. Unafuu wa dizeli umeyafanya mambo mawili yaonekane ya kawaida, kubeba maji kwa kilomita 900 na kuyabeba kwa kasi, na maandalizi yoyote ya maana kwa Rungwe yanaanza kwa kuyatenganisha mambo hayo mawili na biashara yenyewe.

Chai inaonyesha kwamba kutenganisha huko kunawezekana. Jani la chai likishachumwa huharibika ndani ya saa chache, na kwa sababu hiyo viwanda vilijengwa karibu na mashamba, Katumba na Mwakaleli, ambako takriban kilo tano za majani mabichi hugeuzwa kuwa kilo moja ya chai kavu. Inayoondoka wilayani ni bidhaa nyepesi, isiyooza, inayoweza kukaa bandarini kwa wiki kadhaa bila kupoteza thamani yake. Wakulima wadogo wa Rungwe wamezoea mpangilio huu kwa miongo mingi, wana umoja wao na sehemu ya umiliki wa kampuni inayosindika majani yao, na kwa maana hiyo wilaya haina haja ya kwenda mbali kutafuta somo. Dosari ya chai iko kwenye moto wake: boila, yaani matangi makubwa ya kuchemshia maji ili kupata mvuke wa kukaushia majani, hulishwa kuni, na kuni hizo zimeeneza milingoti katika mabonde ambayo zamani yalikuwa na chemchemi. Kukausha kunataka joto, na joto la kuni lina mipaka yake hata mahali penye mvua nyingi kama Rungwe.

Hapa ndipo mazungumzo ya nishati nchini huelekea kupotea njia. Tangu mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, ilipoanza kuwashwa mmoja baada ya mwingine kuanzia mwaka 2024, hesabu ya umeme imekuwa ndiyo hesabu ya nishati katika hotuba na kwenye vyombo vya habari, na kila chanzo kipya hupimwa kwa megawati zitakazoingia kwenye gridi ya Taifa. Umeme huo ni muhimu sana, na kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini ya kuufikisha hadi vijijini inastahili heshima. Hata hivyo taa ya Tukuyu haikuwa ndiyo mnywaji mkubwa wa mafuta. Visukuku vimejificha kwenye barabara, kwenye mfuko wa mbolea na kwenye mtungi wa gesi, na wilaya inaweza kuwaka umeme kila kijiji huku ikibaki tegemezi kwa meli ya mafuta kama ilivyokuwa.

Jotoardhi, yaani joto la ndani ya dunia linaloifikia miamba iliyo karibu na uso wa ardhi na kupasha maji yaliyomo, ni chanzo ambacho Rungwe imepewa kwa ukarimu wa pekee. Ziwa Ngozi limelala ndani ya kreta ya volkano. Chemchemi za maji ya moto hutoka kandokando ya ufa wa Mbaka, Kilambo ikiwa mojawapo. Na karibu na mlima wa Kiejo gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka ardhini yenyewe, na imevunwa kibiashara kwa miaka mingi na kupelekwa kwenye viwanda vya vinywaji. Kampuni ya umma ya Uendelezaji Jotoardhi, TGDC, iliyoundwa mwaka 2013 chini ya shirika la umeme, TANESCO, imeyaweka maeneo ya Ngozi na Kiejo-Mbaka miongoni mwa miradi yake ya mbele, na mipango yote miwili hutajwa kwa megawati. Kwa Ngozi jambo hilo linaeleweka, kwa kuwa makadirio ya wataalamu yanaonyesha joto linalozidi nyuzi 200, linalotosha kuendesha mitambo ya mvuke. Kwa Kiejo-Mbaka, ambako joto linalotarajiwa ni la wastani, kuna sababu nzuri ya kuanza na matumizi ya moja kwa moja, kwa maana kwamba maji ya moto hupitishwa kwenye mabomba hadi mahali joto linapohitajika bila kwanza kugeuzwa kuwa umeme. Joto likigeuzwa umeme sehemu yake kubwa hupotea njiani, na joto la wastani hupoteza zaidi. Likitumika kama joto, sehemu kubwa hufanya kazi iliyokusudiwa, na kazi za Rungwe, kukausha chai na ndizi na kuchemsha maziwa ili kuua vijidudu, hazihitaji joto kali kama la mitambo ya mvuke.

Kenya imekwisha kupita njia hii. Olkaria ilianza mwaka 1981 kwa mtambo mmoja wa megawati 15, na leo jotoardhi hutoa karibu nusu ya umeme wa nchi hiyo. Lakini kwa msomaji wa Rungwe jambo lenye uzito zaidi ni kwamba huko Naivasha joto hilo limepasha mabanda ya maua, na huko Menengai, karibu na Nakuru, kampuni ya umma ya jotoardhi ilijenga vituo vya majaribio vya kuchemshia maziwa, kukaushia nafaka na kupashia mabwawa ya samaki. Aisilandi, nchi yenye watu wachache kuliko mikoa mingi ya Tanzania, ilichukua mshtuko wa bei wa 1973 kuwa sababu ya kuachana na mafuta ya kupashia nyumba, na leo takriban nyumba tisa kati ya kumi hupashwa kwa maji ya ardhini. Nchi hiyo haikusubiri mafuta yaishe. Ilichimba visima wakati bado ilikuwa na uwezo wa kununua mafuta ya kuendeshea mitambo ya kuchimbia.

Faida ya kukausha haishii kwenye uzito. Mbeya, iliyo umbali wa kilomita 70 hivi kutoka Tukuyu, ina kituo cha TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi iliyokabidhiwa kwa Tanzania na Zambia mwaka 1976. Treni ya mizigo hutumia theluthi au robo tu ya mafuta ambayo malori yangetumia kubeba tani ileile kwa umbali uleule, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya chuma halipati msuguano wa tairi juu ya lami. Pamoja na hayo, hakuna mfanyabiashara wa ndizi mwenye akili timamu atakayeipakia mikungu mibichi kwenye behewa ambalo huenda likachelewa siku tatu njiani, na uamuzi wake huo ni sahihi kabisa. Unga wa ndizi, ndizi kavu, chai, maharage na samli havina wasiwasi wa siku tatu. Kwa hiyo joto la Mbaka na reli ya Mbeya, ambavyo katika mipango ya Serikali viko chini ya wizara mbili zisizokaa meza moja, kwa Rungwe ni kitu kimoja: joto huondoa maji, kuondoka kwa maji huondoa haraka, na haraka ikishaondoka mzigo unaweza kupanda treni. Hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA iliyosainiwa Beijing Septemba 2024 mbele ya marais wa Tanzania, Zambia na China inaweza kuwa na maana kubwa kwa mkulima wa Kandete, endapo Mbeya itapata maghala na majukwaa ya kupakilia mizigo midogo, kwa sababu reli iliyofufuliwa kwa ajili ya shaba ya Zambia peke yake itapita mbele ya ndizi zake bila kusimama.

Haitakuwa kweli kudai kwamba Dar es Salaam itaacha kula ndizi mbichi. Biashara hiyo itaendelea, ikiwa ndogo na ghali zaidi, na masoko ya karibu, Mbeya mjini, Tunduma, Kyela na ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu, yatachukua nafasi kubwa kuliko sasa. Zao linalostahili tahadhari kubwa zaidi ni parachichi. Parachichi aina ya Hass limeleta fedha ambazo familia nyingi za Rungwe hazikuwahi kuziona, na kulidharau ni kukosa heshima kwa jasho la watu. Lakini limesimama juu ya mnyororo mrefu wa baridi, kuanzia chumba cha ubaridi kwenye kituo cha kufungashia, kontena la baridi linaloendeshwa kwa jenereta barabarani, hadi meli inayosafiri wiki kadhaa kwenda Ulaya au Asia, na kila pingili ya mnyororo huo hunywa mafuta. Mti wa parachichi huzaa kwa miongo kadhaa. Anayeng'oa migomba leo ili kupanda parachichi eneo lote anaweka dau juu ya bei ya dizeli ya miaka 30 ijayo, na ni haki aambiwe hivyo na maofisa ugani, pamoja na kushauriwa aache migomba katikati ya miparachichi na kudai viwanda vya kukamulia mafuta ya tunda lile lisilokidhi soko la nje.

Mbolea ya viwandani ni mlango wa pili ambao visukuku huingia nao wilayani. Urea hutokana na amonia, ambayo hutengenezwa kwa kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni inayopatikana zaidi kutoka kwenye gesi asilia, kwa joto kali na shinikizo kubwa, hivyo bei ya gesi ikipanda duniani bei ya mfuko hupanda nayo. Ndivyo ilivyotokea mwaka 2021 na 2022, mfuko wa kilo 50 ulipovuka shilingi laki moja na Serikali ikalazimika kuweka ruzuku iliyoushusha hadi shilingi 70,000 kwa msimu wa 2022/23. Wakulima wa viazi wa Isongole wanaijua hesabu hii vizuri kuliko wachumi, kwa kuwa kiazi ni mlafi wa mbolea. Watafiti Godfrey na Monica Wilson, walioishi miongoni mwa Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, katika miaka ya 1930, waliwakuta watu wengi wakiishi kwenye eneo dogo kwa migomba iliyozunguka nyumba, ng'ombe waliolala karibu na matuta yaliyofukia majani, bila mfuko wowote wa mbolea. Watu walikuwa wachache kuliko sasa, na hakuna sababu ya kuipamba njaa ya zamani kwa maua. Ila kanuni iliyokuwa chini ya kilimo hicho, kwamba rutuba huzunguka kutoka kwenye jani hadi kwa ng'ombe na kurudi kwenye shina la mgomba, haijazeeka.

Mtambo wa bayogesi unaiendeleza kanuni hiyo na kuiongezea moto wa jikoni. Bayogesi ni gesi inayotolewa na bakteria wanapochachusha kinyesi mahali pasipo na hewa, na maandalizi yake hayahitaji zaidi ya shimo lililojengewa vizuri, maji na ng'ombe wanaolishwa bandani, utaratibu ambao kaya nyingi za Rungwe zenye ng'ombe wa maziwa tayari zinao. Ng'ombe wawili wa namna hiyo huweza kutoa walau mita moja ya ujazo ya gesi kwa siku, inayofanya kazi ya karibu nusu kilo ya gesi ya mtungi, hivyo mwezi mmoja wa kinyesi chao unakaribia mtungi mzima wa kilo 15. Naitrojeni haiondoki na gesi. Hubaki kwenye tope linalotoka upande wa pili, likiwa tayari kwa mgomba au kiazi. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimeisambaza teknolojia hii tangu miaka ya 1980, na mitambo mingi imekufa kwa sababu fundi alijenga akaondoka, ufa mdogo ukakosa wa kuuziba. Rungwe ina shida yake ya ziada, kwamba baridi ya Isongole hupunguza kasi ya bakteria, kwa hiyo mitambo ya huko inapaswa kuwa mikubwa zaidi na kufukiwa vizuri kuliko ile ya Kyela. Fundi mmoja aliyesomeshwa na kulipwa kwa kila kata angefaa kuliko mitambo mia ya uzinduzi.

Suala la kupikia linataka uangalifu wa lugha, kwa sababu linagusa mapafu ya akina mama. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 zilitakiwa kuacha kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Lengo ni jema, na mtungi wa gesi kwa mama aliyekohoa moshi wa kuni za mvua kwa miaka 20 ni ukombozi usiopaswa kubezwa na mtu yeyote anayepika kwa umeme. Gesi ya mtungi, hata hivyo, ni kisukuku kinachoagizwa kwa meli ileile ya mafuta, na kaya ikishauza jiko lake la zamani kisha bei ya kujaza mtungi ikapanda, hurudi kwenye kuni ikiwa maskini kuliko ilivyokuwa. Kwa Tukuyu mjini, ambako umeme umefika, jiko la umeme la shinikizo linaloivisha maharage kwa chini ya uniti moja linastahili kupewa kipaumbele kilekile cha mtungi. Kwa vijijini, bayogesi. Na mtungi uwe akiba ya siku ya dharura.

Makaa ya mawe ya Kiwira, yaliyo jirani, yatakuwa kishawishi cha kudumu. Mgodi huo ulioanza kazi mwaka 1988 kwa msaada wa China, ukiwa na mtambo wa megawati 6, umepitia ubinafsishaji na kurudi mikononi mwa umma, na sasa shirika la umma la madini, STAMICO, hutengeneza kutokana nao makaa ya kupikia yaliyoshindiliwa. Yanaweza kuokoa miti kwa muda, lakini ni visukuku vilevile, na kuvijengea uchumi mpya wakati joto lisilo na moshi liko chini ya ardhi ya Rungwe yenyewe ni kuchelewesha safari.

Jua, ambalo kwingineko Tanzania ndilo jibu la kwanza, halifai kuwa jibu la kwanza Tukuyu, mji unaofunikwa na mawingu kwa miezi mingi ya mwaka. Maji yanayoanguka ndiyo jua la Rungwe. Lita 100 za maji kwa sekunde zikiteremka mita 50 kwenye bomba hutoa, baada ya upotevu, kilowati zipatazo 30, zinazotosha kuendesha mashine mbili za kusaga pamoja na taa za kijiji, na vijito vya kiasi hicho haviadimiki katika miteremko ya wilaya. Mwenga, huko Mufindi, mtambo wa megawati 4 ulioanza mwaka 2012 umeonyesha kwamba mto wa kawaida unaweza kulisha kiwanda cha chai na vijiji vya jirani na ziada ikauzwa TANESCO. Mtaji wa mitambo ya namna hiyo ni msitu unaoshika mvua, na kwa hiyo Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe, makazi ya nyani kipunji aliyejulikana kwa sayansi mwaka 2003 tu, ni sehemu ya miundombinu ya nishati sawa na nguzo na transfoma, ingawa bajeti haiiandiki hivyo.

Bodaboda zitahamia umeme zenyewe mapema kuliko malori, kwa kuwa safari zake ni fupi na betri yake ni ndogo. Rwanda imeamua kwamba tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme, na Ethiopia mwaka 2024 ilizuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli. Kwa nchi isiyo na makatazo ya namna hiyo hatari iko upande mwingine, kwamba magari ya mafuta yanayokataliwa na nchi tajiri yatamiminika kwa bei ya kutupa, na kijana wa Kiwira atakayekopa kununua mojawapo atajikuta analipa deni la chombo ambacho hawezi tena kukijaza tangi.

Kazi hizi zote, kisima cha Kiejo-Mbaka kinachogharimu mamilioni ya dola na huenda kikakosa mvuke, mfereji wa mtambo wa maji, ghala la Mbeya, saruji ya mtambo wa bayogesi, hufanywa kwa mitambo ya dizeli na kwa saruji inayosafirishwa na malori. Mkulima wa Isongole hutenga viazi vya mbegu kabla ya kupeleka gunia sokoni, hata mwaka ambao bei ni tamu, kwa kuwa anajua msimu ujao hautamkopesha. Dizeli inayouzwa leo Tukuyu ina sehemu yake ya mbegu na sehemu yake ya kula, na hadi sasa mipango ya maendeleo haijazitenganisha. Halmashauri huhesabu ekari, kilomita za barabara na tani za mavuno. Ingeweza kwa gharama ndogo kuhesabu pia lita, ngapi huingia wilayani kwa mwezi, ngapi hubeba maji ya ndizi kwenda pwani, ngapi huchimba, hujenga na kupanda. Bei kikomo ya EWURA huipangia Rungwe bei iliyo juu kuliko ya Dar es Salaam, na tofauti hiyo ni gharama ya kuyasafirisha mafuta yenyewe: lori la kuyaleta nalo hunywa dizeli likipanda Kitonga, kisha likipanda tena kutoka Uyole kuelekea Isongole, kabla halijateremka kuingia Tukuyu na mzigo wake.